Sikuzaa Boyi

Shively, Louisville, Jumamosi jioni, jua bado lipo

Amani wangu,

Nina hasira, na nakuandikia nikiwa nayo. Nilitaka kwanza ipoe. Nimeosha vyombo, nimekunja nguo zako, nimefagia hata nyuma ya friji mahali ambapo hakuna mtu anapaangalia, na bado ipo. Wazazi wangu waliniita Furaha. Wiki hii jina hilo halinienei.

Sitakuandikia habari za koti, wala mafuta ya midomo, wala namna ya kupika maharage. Mama mdogo Riziki anakungoja Buffalo, na mdomo wake unaujua, hayo yote atakwambia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na nataka ulisome lote kesho kabla hatujafika Columbus. Najua Kiswahili unakisoma kwa kusuasua, midomo ikitembea. Soma polepole. Usimpe dada yako akufupishie.

Jambo lenyewe unalifahamu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ukoo wa baba yako ulikaa hapa sebuleni kwetu. Baba yako mkubwa Zakayo alikuwa kwenye simu kutoka Columbus, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji katikati ya meza ili uso wake uonekane. Wakaamua kwamba ukitoka hapa upitie Columbus, ukae kwake mwaka mmoja umsaidie dukani na nyumbani, kwa sababu Buffalo haikimbii. Haikimbii! Chuo kinaanza keshokutwa, Jumatatu. Ile nafasi ya kujifunza ufundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto uliipata mwenyewe, kwa mtihani wako, na haitakungoja mwaka. Niliinua mkono niseme hilo. Mchungaji, aliyekuja nao, akasema, "Mama Amani, ngoja kwanza wanaume wamalize." Wakamaliza, kisha wakafunga kwa sala. Donc, yaani, watu wanafumba macho, na mimi mkono wangu bado uko juu.

Baba yako alisema, "Sawa, kaka." Na wewe ukasema, "Sawa, baba mkubwa," ukitazama viatu vyako. Nilipokufuata jikoni ukanijibu kwa Kiingereza chenu kwamba hakuna shida, ni mwaka mmoja tu. Wiki nzima nimelala na kuamka na hilo jibu lako, na nimeshindwa kulimeza.

Sasa nataka nikupe habari ya neno moja la Kiingereza ambalo hata wewe uliyesoma hapa sidhani unalitumia. Vumilia, utaona ninakokwenda.

Unamfahamu Mzee Harlan, yule ninayemtunza kwenye nyumba ya wazee, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza. Anapenda karata. Unajua sisi tulivyolelewa kule milimani, karata ni mambo ya shetani, na bibi yako angesikia angenitafutia fimbo. Lakini mikono ya Mzee Harlan inatetemeka, na kazi yangu ni kumshikia anachoshindwa kushika, iwe kijiko, iwe soksi, iwe karata. Basi namshikia, nikiwa nimegeuza uso kidogo ili Mungu aone kwamba mimi sichezi.

Kuna karata moja yenye picha ya kijana mwenye kofia na nywele za kujikunja. Wenzake wote pale wanaiita Jack. Yeye peke yake anaiita knave. "Furaha, weka huyo knave chini." Siku moja nikamuuliza knave ni nani. Alifurahi mpaka akaacha mchezo. Bon, basi, haya ndiyo aliyoniambia, na nimeyashika kwa sababu nilimrudisha nyuma mara nyingi mpaka nikaelewa.

Zamani sana, huko Uingereza, knave alikuwa mtoto wa kiume, basi. Mama akijifungua, wakunga wanasema amepata knave, na watu wanafurahi. Wajerumani wana neno ambalo ni ndugu wa hilo, na kwao mpaka leo bado ni mtoto wa kiume, halijaharibika. Lakini Uingereza watoto wa maskini walikuwa wanapelekwa kwenye nyumba kubwa. Wanakwenda kukoroga vyungu, kubeba kuni, kushika farasi wa wageni. Mwenye nyumba anaita, knave, njoo hapa. Hasemi jina la mtoto, kwa sababu hana haja nalo. Neno likaingia jikoni pamoja na watoto, likakaa huko, na miaka ikapita. Watu wakaanza kusema knave wakiwa na maana ya mtumishi, hata kama mtumishi mwenyewe ana ndevu.

Halafu kitu kinapotea jikoni. Kijiko cha fedha, kipande cha nyama. Nani kaiba? Nani mwingine, si yule knave? Basi neno likateremka tena, likawa mwizi, mwongo, mtu asiyeaminika. Mtoto aliyefurahiwa siku ya kuzaliwa akawa mhalifu, na hajafanya lolote, amefanya kazi tu. Baadaye hata hapo halikuachwa. Likabaki kwenye karata peke yake, kijana mwenye kofia, wa chini kuliko malkia na mfalme. Na huko nako wakaliondoa, wakaweka jina la Jack. Leo hii limekufa. Mzee Harlan ananiambia kwamba hata ile herufi ya mbele wanaiandika tu, hawaitamki, lakini zamani waliitamka. Nilipomuuliza sasa watoto wa kiume waliitwaje, akacheka kidogo. Akasema lilichukuliwa neno lingine, ambalo mwanzoni lilikuwa la watumishi na watu wa chini, likapandishwa likawa la mtoto. Neno lenyewe ni boy.

Niliposikia boy nikaweka karata chini zote, zikiwa zimefunuliwa, nikamharibia mchezo.

Nikamuuliza, nani aliamua? Nani alikaa akasema kuanzia leo mtoto wa maskini ni mwizi? Akanijibu, "Hakuna aliyeamua, Furaha. Watu walisema hivyo kila siku, wakacheka, wakazoea." Mpaka leo jibu hilo linanikasirisha kuliko habari yote. Afadhali angekuwepo mtu mmoja mbaya, nikamchukia yeye.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa boyi Bukavu. Nimekwambia alifanya kazi kwa mzungu wa chai, lakini nimekuwa nikilisema kwa ufupi, kama watu wanavyofanya wakipita kwenye tope. Alilala boyeri, kile chumba cha nyuma karibu na mahali pa kuku. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto, kanisani alikuwa mzee wa kanisa mwenye kiti chake mbele. Na mtoto wa yule mzungu, ambaye hafiki kiunoni kwake, alimwita boyi, na baba akaitika. Mzungu akaondoka. Nyumba ikachukuliwa na mkurugenzi mmoja wa kwetu, mweusi kama mimi, anayeomba Mungu kwa Kiswahili. Baba akafurahi, akadhani sasa ataitwa jina lake. Siku ya kwanza mke wa mkurugenzi akasimama mlangoni, akaita, "Boyi!"

Hapo ndipo panaponiuma, mwanangu. Wale wengine waliondoka na masanduku yao, neno wakatuachia, na sisi tukalipokea kama zawadi. Baba alizeeka nalo. Alipiga pasi mpaka kola inasimama yenyewe, na alijivunia kola hizo, maskini, alikuwa anatuonyesha.

Mimi mwenyewe nalo lilinitoka mdomoni hapa Louisville. Ulikuwa mdogo, hukujua kwa nini siku ile nilirudi nyumbani nikakataa kula. Bomba lilipasuka kazini, akaja fundi wa jengo, Bwana Curtis, mweusi wa hapahapa, mtu mzima mwenye mvi. Nikamwambia mwenzangu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba boy amefika. Kwetu si hivyo ndivyo tunavyosema, mtu anayefanya kazi kwenye nyumba ya watu? Bwana Curtis akaweka vifaa vyake chini, akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Congo. Akasema polepole, bila kugomba, "Mama, baba yangu aliitwa hivyo mjini humu, yeye na rafiki zake wote, mpaka tukamzika. Mimi usiniite." Nilitaka sakafu ifunguke. Niliona baba yangu amesimama pale akiwa na mfuko wa vifaa, na mimi ndiye mke wa mkurugenzi. Kesho yake nilimpelekea mandazi, akala, tukaendelea kufanya kazi pamoja, lakini tangu siku ile neno hilo nikilisikia linanisimamisha nywele.

Ndiyo maana nataka tuongee juu ya mwezi wa kumi na moja uliopita, sikukuu ya shukrani, nyumbani kwa baba mkubwa.

Ulikuwa umekaa kwake tangu kiangazi. Tulikuja kukuchukua, wageni walikuwa wengi, nyumba inanukia samaki na sombe ya majani ya muhogo. Ukatoka jikoni na jagi la maji na beseni, taulo begani, ukaanza kunawisha watu mikono. Hilo halikunisumbua. Kwetu mtoto ndiye anayenawisha, ni malezi yetu, na wewe ulilipenda tangu kule kambi ya wakimbizi. Ulikuwa hujafika hata urefu wa meza, ukalia upewe jagi, ukapewa, ukamwaga maji yote kwenye viatu vya mchungaji, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Ulikuwa mtoto anayeheshimu wageni wa mama yako.

Lakini Columbus nilitazama, Amani. Watoto wa baba mkubwa, wawili wenye umri wako, walikuwa kwenye kochi na simu zao. Na wao uliwanawisha. Mmoja hakuinua hata macho, alinyoosha vidole tu. Watu wakala, wewe ukabeba maboksi kutoka kwenye gari. Watu wakamaliza, wewe ukaosha sufuria. Nilikukuta umesimama kwenye sinki unakula ukoko kwa mkono mmoja. Kisha baba mkubwa akaita kutoka sebuleni, kwa sauti ya furaha kabisa, "Boyi wangu, leta chai!" Wageni wakacheka. Wewe ukacheka, ukaleta chai. Na mimi nilicheka. Nilicheka, mwanangu, kwa sababu wote walikuwa wanacheka na mimi ni mgeni kwa shemeji yangu. Hicho kicheko nimekitapika mara nyingi tangu siku ile, na hakiishi tumboni.

Jagi ni lilelile. Beseni ni lilelile. Ulivyoinama ni vilevile ulivyofundishwa na bibi yako. Na mahali fulani kati ya kambi na Columbus, bila mtu kuamua, ulikuwa mtoto ukawa mtumishi. Kuanzia hapo kinachofuata nimeshakisikia kwa Mzee Harlan. Siku boksi la samaki wakavu litapungua dukani, nani atakuwa amechukua?

Usidhani ninamchukia baba yako mkubwa. Ingekuwa rahisi. Wakati wa kukimbia vita, baba yako alikuwa mtoto mwenye homa, hawezi kutembea, na Zakayo, naye kijana tu, alimbeba mgongoni kutoka milimani mpaka ziwani. Watu walimwambia amwache. Hakumwacha. Kwa hiyo kaka yake akisema jambo, baba yako anasikia ule mgongo, hasikii maneno. Mimi ninauheshimu mgongo huo, bila huo wewe hungekuwepo. Ninachokataa ni kwamba wewe ndiye utakayeubeba sasa. Hakuna mtu aliyekuuliza. Zakayo mwenyewe hadhani anakuonea. Ukimwambia umekuwa boyi kwake atashangaa, pengine atalia, atasema yule ni mwanangu. Na atakuwa anasema kweli, na kesho yake ataita tena vilevile.

Kwa hiyo neno langu ni hili, na silisemi kwa sababu nina akili kuliko wengine, nalisema kwa sababu nimelipia. Ukiitwa kwa namna unayojua si yako, usicheke. Si lazima ugombane. Babu yako hakugombana na hakunyamaza tu, alicheka pia, nilimwona, alikuwa anawachekea ili wasione. Kile kicheko ndicho kinachowazoesha watu. Bwana Curtis hakucheka, wala hakupiga kelele, na mimi mpaka leo namwita Bwana Curtis.

Na kuna jingine, maana usije ukadhani ninakwambia uwe mtu wa kiburi. Kazi ya mikono si aibu. Mimi nafuta watu wazima matako, nalea familia hii kwa kazi hiyo, na sijaona aibu hata siku moja. Buffalo utabeba, utalala chini kwenye vumbi la watu, utatoka na uso mweusi kwa masizi, na wakubwa wako watakutuma. Wakutume. Lakini wakutume kwa jina. Mtu anayejua jina lako akikutuma, unarudi ukiwa bado wewe.

Mchana huu nilimwambia baba yako. Nilimkuta anavaa viatu vya kazi, nikamwambia kesho ninakwenda na Amani mpaka Buffalo, na mwaka wa Columbus haupo. Nikamwambia kama anataka kunikasirikia, anikasirikie sasa kabla hajaenda kazini. Alifunga kamba za kiatu kimoja kwa muda mrefu sana. Nikasubiri maneno ya kaka, kaka, kaka, nilikuwa nimeshayatayarishia majibu. Akainuka, akachukua funguo, akatoka. Nikadhani ameondoka zake kwa hasira. Nilipochungulia dirishani nilimwona amechuchumaa kando ya gari langu, anapima upepo wa magurudumu. Akafungua na boneti, akaangalia oili. Kisha akarudi ndani, akaweka funguo mezani mbele yangu, akasema, "Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa chini kidogo." Ndipo akaenda kazini.

Basi kesho iko hivi. Columbus tutasimama. Mtu aliyembeba baba yako hapitwi barabarani kama kituo cha mafuta. Tutaingia, tutasalimu, utampa mkono wa heshima kwa mikono miwili kama ulivyofundishwa. Chakula kitakuwa tayari, mke wake ni mpishi na ana moyo. Kisha jagi na beseni vitaletwa, vitawekwa pale karibu na mlango, na macho yote yatakutazama wewe. Pengine ataita vile anavyoita.

Wewe utakaa. Najua miguu itataka kuinuka yenyewe. Ikatalie.

Kama ndani yako kweli unataka kubaki Columbus, sema hapo, kwa mdomo wako, ukiwa umekaa kwenye kiti kama watoto wengine, wala si kwa kutazama viatu. Nikilisikia jibu hilo ukiwa umekaa, nitalia njia nzima kurudi Shively lakini nitaliheshimu. Sitalikubali jibu linalotoka kwa mtu aliyesimama na taulo begani.

Atakayeinuka ni mimi. Nitachukua jagi, nitaanza na shemeji yangu, nitamnawisha vizuri, mpaka kwenye kucha, kwa ajili ya mgongo ule. Halafu sitakwenda kwa wageni. Nitakuja kwako. Watasema Mama Amani amechanganyikiwa, mama anamnawisha mtoto wake mkubwa hivi, na kuna watakaocheka. Waache wacheke, wewe usicheke nao. Nyoosha mikono yako, mwanangu, nikunawishe mbele yao.

Tukishakula tutaondoka. Funguo ninazo mimi.

Mama yako,
Furaha